Kwa nini sabufa haisomi nyimbo ulizolipia

Mzee mmoja kutoka Mtoni kwa Azizi Ally aliniletea simu mezani kwangu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Kioo kimepasuka, chaji haikai, lakini hayo hayakumsumbua. "Mwanangu," aliniambia, "humu nina nyimbo mia nne na kitu. Mwaka mzima nazilipia kila mwezi. Nitolee zote uniwekee kwenye flashi nikasikilize kwenye sabufa nyumbani. Simu ikitaka kufa, na ife."

Nikachomeka simu kwenye kompyuta. Nyimbo zilikuwemo, kwa maana kwamba nafasi ilikuwa imeliwa, zaidi ya gigabaiti 2. Ila mafaili yalikuwa na majina ya herufi na tarakimu zilizovurugika. Nilipoyanakili kwenye flashi na kuichomeka kwenye sabufa ya jirani yangu, kioo kidogo cha mbele kikabaki kwenye sifuri. Haikuona hata wimbo mmoja.

Ilinibidi nimwambie kwamba nyimbo zile hazitoki mle. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa muda wote huo nilikuwa nalipia nini?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi, foleni ilikuwa ndefu. Lakini swali lake naletewa karibu kila wiki kwa sura tofauti. Kijana amehama kutoka iPhone kwenda Tecno na muziki wake haukumfuata. Dada amefungua akaunti kwa anwani ya shemeji yake aliyeko Marekani, sasa kadi imekataa na nyimbo zimekuwa za kijivu, hazibonyezeki. Wote wanasema "wamefunga nyimbo", kana kwamba aliyefunga ni mmoja na kufuli ni moja. Makufuli ni matatu. Moja liko kwenye faili la wimbo lenyewe. La pili liko kwenye kifaa, yaani simu gani, redio gani, programu gani inaruhusiwa kuufungua wimbo huo. La tatu liko mpakani: wimbo upo dukani, ila hauuzwi kwako kwa sababu uko Dar es Salaam. Kila moja lina mwenyewe na lina sababu yake, na historia inaonyesha kuwa moja likiondolewa mengine hubaki palepale.

Nianze na la kwenye faili, ambalo wenye kazi yao huliita DRM.

Wimbo ukiwa kwenye kompyuta ni mlolongo wa namba. Programu ya duka huzichukua namba hizo na kuzifumba kwa hesabu, hadi asiye na ufunguo akizisoma anaona vurugu tupu. Mpenzi wa taarab atanielewa upesi: maneno ya fumbo kila mtu ukumbini anayasikia, ila anayejua kisa ndiye anayeyafumbua. Sabufa ya jirani yangu ililisikia fumbo. Simu ya mzee ililifumbua, kwa sababu ndani ya programu mlikuwa na ufunguo uliotolewa na seva ya kampuni kwa akaunti yake, kwa kifaa kile, kwa muda maalumu. Ukilihamisha faili bila ufunguo, umehamisha vurugu.

Kwenye FairPlay, kufuli la Apple, mambo yalipangwa hivi. Kila wimbo ulifungwa kwa ufunguo wake, kisha ufunguo huo nao ukafungwa kwa ufunguo wa mteja. Nakala ya ufunguo wa mteja ilikaa kwenye seva za Apple na kwenye kompyuta alizoziidhinisha yeye mwenyewe, mwanzoni 3, baadaye 5. Ukitaka kompyuta ya 6, sharti uiondolee idhini mojawapo ya zile za mwanzo. Watu wengi walisahau kufanya hivyo kabla kompyuta haijafa, au haijaibwa.

Mpango huo una udhaifu ambao hakuna mhandisi aliyewahi kuuziba. Unamfungia mtu sanduku, halafu ufunguo unauficha ndani ya nyumba yake huyohuyo, maana bila ufunguo hawezi kusikiliza alicholipia. Atakayekuwa na subira ya kuutafuta atauona. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua: duka la Apple lilifunguliwa Aprili 2003, na Novemba mwaka uleule Mnorwe Jon Lech Johansen akatoa programu iliyoinasa sauti baada ya kufumbuliwa, kabla haijafika kwenye spika. Tena Apple yenyewe iliruhusu kuchoma nyimbo kwenye CD. CD ile haikuwa na kufuli, ukiirudisha kwenye kompyuta unapata nyimbo huru. Na juu ya yote hayo, sauti lazima itoke hewani ndipo isikike. Panapotoka sauti, waya wa kurekodia unaingia.

Kwa hiyo kufuli halikumzuia anayetaka kuiba. Huyo aliuchukua wimbo kwingine, ukiwa umefunguliwa tayari, na hakukutana na kufuli maishani mwake. Aliyekutana nalo ni yule aliyelipa. Naliona jambo hilo kuwa baya tangu siku ya kwanza nilipolielewa, na miaka ya kukaa mezani hapa haijanibadilisha.

Kariakoo tulikuwa na ulinzi wa nakala kabla ya haya yote, ila wa namna nyingine kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ndiyo iliyoizaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na kuanzia 2006 kanda na CD halali zilitakiwa kubandikwa stika ya Hakigramu. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA kwa kazi za muziki na filamu. Stika ile ilimwambia mnunuzi na mkaguzi kwamba nakala hii imetoka kwa mwenyewe. Haikujali unaipiga kwenye deki ya nani. Ungeweza kumwazima jirani, kumwachia mwanao, au kuiuza tena pale Tandika. Iliandamwa na wachomaji wa CD, nao waliwaumiza wasanii wetu vibaya sana, hilo sitalifunika. Ila adui wake alikuwa mchomaji, hakuwa mnunuzi.

Kampuni kubwa za rekodi za Marekani na Ulaya zilifika kwenye kufuli kwa hofu. Kati ya 1999 na 2001 programu ya Napster iliwawezesha mamilioni ya watu kugawana nyimbo bure, na kampuni hizo zikaapa kwamba hakuna duka la mtandaoni litakalouza wimbo wao bila ulinzi. Ndiyo sababu, tarehe 28 Aprili 2003, iTunes Music Store ilipofunguliwa ikiwa na nyimbo 200,000 kwa senti 99 za Marekani kila mmoja, makufuli yote matatu yalikuwepo mlangoni. Faili lilifumbwa kwa FairPlay. Kichezeo cha mfukoni kilichoweza kulifumbua kilikuwa iPod peke yake, na kompyuta ilipaswa kuwa Mac; wenye Windows walisubiri hadi Oktoba. Na aliyeweza kununua alikuwa mkazi wa Marekani tu. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilipata duka lao Juni 2004. Huku kwetu wimbo wa senti 99 ulikuwa habari ya kusoma gazetini.

Hapo ndipo kufuli la faili lilipobadilika kazi. Lilitengenezwa kulinda wimbo dhidi ya kunakiliwa, likaishia kulinda kichezeo dhidi ya washindani. Mtu aliyekwisha nunua nyimbo 300 za FairPlay hakuweza kuhamia kichezeo cha kampuni nyingine bila kuziacha. RealNetworks walijaribu kuruka ukuta mwaka 2004 kwa programu yao ya Harmony, iliyofanya nyimbo za duka lao zipigike kwenye iPod. Kabla mwaka haujaisha Apple ikabadilisha programu ya iPod na zikakoma kupigika.

Microsoft nao walikuwa na kufuli lao. Mwaka 2004 walizindua alama ya PlaysForSure, ahadi kwamba wimbo wenye alama hiyo utapigika kwenye kichezeo chochote chenye alama hiyohiyo, hata cha kampuni nyingine. Maduka kadhaa yakajiunga. Kisha mwaka 2006 Microsoft wenyewe wakatoa kichezeo chao, Zune, nacho hakikuzipiga nyimbo za PlaysForSure.

Mambo yakawa mabaya zaidi maduka yalipoanza kufungwa. Kumbuka ufunguo unatoka kwenye seva. Duka likifunga na kuzima seva, nyimbo zako zinaendelea kulia kwenye kompyuta uliyonayo, ila siku utakapobadilisha kompyuta hakuna wa kukupa ufunguo mpya. Aprili 2008 waliowahi kununua MSN Music, duka la Microsoft wenyewe, waliarifiwa kwamba seva zitazimwa 31 Agosti. Watu wakapiga kelele, Microsoft wakasogeza muda hadi 2011. Mwaka huohuo Yahoo Music wakatangaza kuzima zao 30 Septemba, kisha wakakubali kuwafidia wateja. Ukiona mpangilio huo unaelewa kwamba aliyeuziwa wimbo alikuwa ameuziwa kitu chenye uhai wa duka. Duka likifa, kitu chake kinaanza kuugua.

Hata CD hazikusalimika. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD zilizoingiza programu iliyojificha ndani ya kompyuta ya Windows ili kuzuia kunakili. Mtaalamu Mark Russinovich aliigundua kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuitangaza 31 Oktoba. Programu ile ilifungua mwanya ambao virusi vingeweza kuutumia kujificha. CD zilirudishwa. Aliyechukua nyimbo zilezile kwa njia ya wizi hakupatwa na lolote. Aliyeumizwa kompyuta ni aliyekwenda dukani na pesa yake.

Kilichovunja kufuli la faili hatimaye hakikuwa huruma. Tarehe 6 Februari 2007 Steve Jobs, bosi wa Apple, alichapisha barua ya wazi akitaja hesabu mbili. Mwaka 2006 maduka ya mtandaoni yaliuza nyimbo zisizofika bilioni 2 zenye kufuli, wakati kampuni zilezile za rekodi ziliuza zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli lolote. Na kwa wastani, ndani ya iPod yenye nyimbo 1,000, zilizonunuliwa dukani kwake zilikuwa 22. Zaidi ya asilimia 97 hazikuwa na kufuli. Sasa unalinda nini?

Kampuni za rekodi nazo zilikuwa zimeona kwamba kufuli walilolidai limempa Apple nguvu juu yao, kwa sababu njia pekee ya kuufikia mfuko wa mwenye iPod kwa wimbo uliofungwa ilikuwa duka la Apple. Walihitaji duka shindani, na duka hilo lisingeweza kuuza kitu kinachopigika kwenye iPod isipokuwa MP3 tupu. EMI, mojawapo ya kampuni hizo, wakatangulia kutangaza, Aprili 2007, kwamba watauza bila kufuli. Septemba Amazon wakafungua duka la MP3 zisizo na kufuli, na kufikia Januari 2008 kampuni zote 4 kubwa zilikuwemo. Tarehe 6 Januari 2009 Apple wakatangaza kwamba nyimbo zote za dukani kwao zitakuwa huru. Toka siku hizo wimbo unaoununua, nasisitiza kuununua, kwenye maduka makubwa hauna kufuli. Faili la Apple hubeba jina na barua pepe ya mnunuzi ndani yake, kama zamani ulivyoandika jina lako kwenye jalada la kanda, na hiyo ni alama tu, haizuii kitu.

Lakini tazama kilichobaki. Duka la Amazon, lenye MP3 huru kabisa, lilipoanza liliwauzia watu wa Marekani peke yao. Kufuli la faili lilikuwa limekwenda. La mpakani lilikuwa limesimama wima.

La mpakani halina hesabu wala seva, ni karatasi. Kila wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi haki hizo ziko kwa watu tofauti. Wenye haki huzigawa kwa nchi: kampuni moja inamiliki usambazaji wa rekodi Ulaya, nyingine Afrika Mashariki, pengine hakuna aliyepewa Tanzania kabisa. Duka likitaka kukuuzia wewe wa Dar lazima lipate ruhusa zote mbili kwa Tanzania. Halipati, halikuuzii. Na linajuaje kwamba uko Dar? Kwa kadi yako ya benki. Anwani ya kadi ndiyo inayoamua umeingia duka la nchi gani. Kwa miaka mingi kwetu kadi yenyewe ndiyo ilikuwa kikwazo kabla ya leseni. Mtu ana pesa kwenye simu, na duka halijui pesa ya kwenye simu ni nini. Siku hizi kampuni za simu zinatoa kadi za mtandaoni unazozijaza kwa pesa ya simu, na mlango umepanuka.

Apple Music iliingia Tanzania Aprili 2020, ilipoongezwa kwenye nchi 52 kwa mpigo. Spotify ilianza Ulaya 2008 na kufika kwetu Februari 2021, kwenye upanuzi wa nchi zaidi ya 80. Kati ya 2008 na 2021 ni miaka 13. Katika miaka hiyo watoto wa mjini walijifunza kufungua akaunti za nchi za watu, na hapo ndipo yule dada wa nyimbo za kijivu alipotokea. Akaunti yake ilisajiliwa Marekani. Kadi ya shemeji ilipokwisha muda, duka likataka kadi nyingine ya Marekani. Akihamishia akaunti Tanzania, nyimbo ambazo hazina leseni ya Tanzania zinabaki kwenye orodha yake kama majina tu. Nilimshauri ahamie akaunti ya hapahapa, akose chache lakini asiishi kwa kadi ya mtu.

Kuna kundi la nyimbo ambalo karatasi limelizika hata nyumbani kwao. Dansi letu la miaka ya 1960 hadi 1980 lilirekodiwa kwa wingi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa ajili ya kurushwa hewani. Nani leo atasaini leseni? Redio iliyorekodi, warithi wa mtunzi, au bendi iliyokwisha vunjika? Duka la mtandaoni haliingizi wimbo hadi mtu asimame aseme haki hii ni yangu, tena awe na ushahidi. Kwa hiyo mpenzi wa Morogoro Jazz au Mlimani Park anakuta baadhi ya nyimbo zipo, nyingine hazipo, na utaratibu wa kupatikana kwake haulingani kabisa na ukubwa wa wimbo wenyewe katika maisha ya watu. Hapo hakuna kufuli la kulaumu. Kuna makabati ya mafaili ya karatasi na wazee wanaoondoka.

Turudi kwa mzee wa Mtoni, kwa sababu yeye hakununua wimbo hata mmoja. Alipanga.

Huduma za kusikiliza kwa ada ya mwezi zililirudisha kufuli la faili, na wachache walilalamika, maana mpango wake unaeleweka: unalipa, unasikiliza maktaba nzima, ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kama nyumba ya kupanga Sinza. Katika upangaji kufuli lina mantiki, sitalikataa. Bila hilo mtu angelipa mwezi mmoja, achote nyimbo milioni, aondoke. Spotify, kwa mfano, inakuruhusu kuhifadhi nyimbo hadi 10,000 kwenye kila kifaa, vifaa visizidi 5, na angalau mara moja kila siku 30 sharti programu iunganishwe na intaneti ili ithibitishe kwamba bado unalipa. Usipounganisha, nyimbo zinazimika zikiwa mlemle ndani ya simu yako.

Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni neno lililoandikwa kwenye kitufe. Limeandikwa "pakua". Kwa Kiswahili chetu, ukipakua wali kutoka sufuriani ukauweka sahanini, ni wako. Hakuna anayekuja kuudai baada ya siku 30. Ukipakua mzigo bandarini, umetoka melini. Hapa hakuna kilichotoka. Wimbo umesogezwa karibu ili usile bando, basi. Mzee alisoma "pakua", akaelewa kama Mswahili yeyote anavyoelewa, akaamini ana nyimbo 400. Kitufe kingeandikwa "sikiliza bila bando" asingekuja mezani kwangu na flashi tupu.

Kufuli la kifaa ndilo la mwisho, na hilo ni la kimyakimya. Huduma nyingi za leo hufunga sauti kwa mifumo kama FairPlay ya Apple, Widevine ambayo Google waliinunua 2010, na PlayReady ya Microsoft. Kifaa kisichokuwa na mfumo wa huduma husika hakifumbui kitu. Simu janja inayo. Sabufa ya Kariakoo haina, redio ya bajaji haina, kitochi hakina. Sasa tafakari muziki wa Dar unasikika wapi hasa: kwenye daladala, saluni, genge la chipsi, bajaji, sabufa ya sebuleni. Karibu kote huko kuna tundu la flashi. Mji mzima unasikiliza kwa kifaa ambacho huduma hizi hazikitambui, isipokuwa umeunganisha simu kwa Bluetooth, simu iwe na chaji, na usitoke nayo. Wakati mwingine kifaa kinafungwa kwa uamuzi wa biashara tu. Apple Music ilifika Android Novemba 2015, miezi kadhaa baada ya kuzinduliwa. Boomplay walikwenda njia nyingine, wakaiweka programu yao ndani ya simu za Tecno na Infinix tangu kiwandani, ili uikute tayari siku unapofungua boksi.

Usichanganye hilo na suala la aina ya faili, maana wateja wangu wengi huchanganya. Sabufa nyingi za bei ya chini zinasoma MP3 na si zaidi. Ukinunua wimbo wa Apple unaopata ni faili lenye mwisho wa m4a, nalo halina kufuli. Sabufa isipolisoma ni kwamba haijui lugha yake, na kulibadilisha liwe MP3 ni kazi ya dakika moja. Likiwa na mwisho wa m4p, hilo lina kufuli. Na kama simu imejaa lakini huoni m4a wala mp3 popote, unapanga.

Kwetu kuna waliotafuta njia bila kufuli. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na kuingia soko la hisa la Copenhagen 2020, inatoa MP3 za wazi bure, ila mwanzoni mwa wimbo wamebandika sauti ya tangazo. Unalihamisha faili utakavyo, kila linapokwenda tangazo linakwenda nalo, na mtangazaji ndiye anayelipa. Mimi ningependa wimbo usio na tangazo, lakini nawaheshimu kwa kuijua flashi. Miito ya simu nayo ilikuwa kinga ya ajabu: wimbo unakaa kwenye mtambo wa kampuni ya simu, anayekupigia anausikia, na hakuna faili la kunakili. Singeli ya vijana wa Mburahati inauzwa kwenye duka la mtandaoni la Bandcamp na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, mafaili huru. Mburahati kwenyewe inapita kwa flashi, mkono kwa mkono.

Mzee alirudi Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimempa kazi: katika zile 400 na kitu, achague ambazo akizikosa nyumba inapoa. Alileta karatasi ya daftari, nyimbo 31, ameandika kwa kalamu ya bluu mwandiko wa shule ya zamani. Tukakaa na binti yake aliyekuja na kadi ya mtandaoni. 19 tulizipata za kununua, tukazilipia, nikazigeuza kuwa MP3, nikaziweka kwenye flashi na nakala nyingine kwenye memori kadi. Tukaichomeka kwenye sabufa ya jirani, kioo kikaandika 19, mzee akaniambia niongeze sauti.

Zile 12 nyingine hazimo kwenye duka lolote nililolijua. Akazitazama kwenye karatasi, akasema kumi kati ya hizo anazo nyumbani kwenye kanda alizozinunua mwenyewe, miaka hiyo. Akaniuliza kama nina deki inayozunguka. Ninayo. Nilimwambia azilete, ila asiziweke juani kwenye daladala.